Buibui wa Zeina

14 Aprili

Mvua ya mwaka, yaani masika, imeingia bila hodi, na vikombe vyangu vyote vimejaa maji. Ni vikombe vya plastiki vya arusini, vile vya kunywea sharubati. Nimevizika ardhini hadi mdomoni katika shamba la Ami Mbaruk huko Mambrui, ili buibui wanaotembea chini watumbukie humo. Leo nimekuta vijiziwa vitupu, majani ya mkorosho yakielea, na chura mmoja aliyenitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia kwake. Dkt. Dzombo aliniambia mapema niviezekee kwa vipande vya mabati. Nikasema mvua bado.

Shajara hii pia ni amri yake. Kila mwanafunzi anayemsimamia lazima aandike hali ya hewa na kazi ya siku. Basi, hali ya hewa: mvua. Kazi: kuchota maji kwa kijiko. Mengine nitakayoandika humu hayamhusu.

15 Aprili

Mvua. Nimeezeka.

18 Aprili

Siku nzima maabara, Kilifi. Hesbon, fundi wa maabara, ameniachia hadubini nzuri, ile isiyotikisika. Hesbon ni mtu wa bara lakini amekaa pwani sana, hata siku hizi akienda kwao hurudi akilalamikia baridi.

Niandike mara moja kazi yangu ni nini, maana nimechoka kuwaeleza watu kwa mdomo na kutaniwa kuhusu buibui la kuvaa. Nachambua buibui wa ardhini. Hawa hawatandi utando. Huwinda mbio mbio chini ya majani makavu na mawe ya matumbawe, na wote wana rangi moja ya vumbi. Ukiwapanga kumi mezani utaapa ni ndugu wa tumbo moja, kumbe ni spishi sita. Rangi haisemi kitu wala ukubwa hausemi kitu. Kinachosema kweli ni viungo vya uzazi. Jike ana kibati kigumu chini ya tumbo, chenye matundu na matuta yake. Dume ana mikono miwili midogo mbele ya uso, yenye ncha zilizovimba na kujaa ndoano na vijiti. Vya dume wa spishi moja humwingia jike wa spishi hiyo tu, kama ufunguo na kufuli lake. Kwa hiyo anayetaka kujua buibui huyu ni nani hana budi kumlaza chali na kumchungulia.

Hapo pa kuchungulia siwaambii watu. Nyumbani husema nasomea wadudu, na hata hilo si kweli, kwa sababu buibui si mdudu.

22 Aprili

Nimempata.

Majike watatu, wote kutoka vikombe vilivyo kando ya ukuta wa zamani wa mawe, nyuma ya shamba la Ami. Kwa juu ni wa vumbi kama wenzao. Niliwalaza chali nikiwa nusu nimesinzia, halafu usingizi wote ukaniruka. Kibati chao hakina matundu. Pale penye matundu pana kifuniko cheusi kilichoinuka, chenye kung'aa kama halua. Nimepekua michoro yote tuliyo nayo, ya Afrika Mashariki, ya kusini, mpaka ya Uarabuni. Hakuna hata mmoja aliye hivyo. Nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji nikalia, kisha nikanawa uso nikarudi kuwatazama tena.

Anayeiandika spishi mpya kwa mara ya kwanza ndiye anayeipa jina. Sikufikiri hata kidogo. Zeina.

Mamangu alifariki nikiwa na miaka mitatu. Nina picha yake moja, ameshika sinia, amegeuza uso kidogo kwa hiyo nusu haionekani. Bibi, mamake, ndiye aliyenilea hapa Barani, Malindi, na katika nyumba hii jina hilo halitajwi. Bibi husema "mamako," kisha huinuka kwenda kuangalia kitu jikoni ambacho hakina haja ya kuangaliwa. Mimi nami nikajifunza kutouliza. Sijui mamangu alikuwa akipenda nini, wala alikuwa akichekaje. Sasa jina lake litaandikwa vitabuni, na mwandishi ni mimi. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

23 Aprili

Nimemwambia Bibi. Alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi. Nilimweleza kwamba nimepata buibui asiyejulikana popote, na kwamba nitampa jina la mama. Nililitaja kwa sauti: Zeina. Sidhani kama niliwahi kulitaja mbele yake.

Mkono wake ulisimama. "Buibui?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, buibui. Akasema, "Haya," akaendelea kukuna mpaka akaingia kwenye weusi wa kifuu, yeye ambaye hunigombeza nikifanya hivyo. Mchuzi wa leo ulikuwa na vijidoa vyeusi, tukaula hivyo hivyo.

Nimeumia. Nilitaraji angalau dua.

26 Aprili

Arusi ya Shukri, mtoto wa kiume wa Ami Mbaruk. Mvua ilipiga turubai tangu asubuhi lakini watu walijaa hivyo hivyo, Mambrui haikosi arusi kwa ajili ya matone.

Baada ya nikahi Ami akashika kipaza sauti. Sisi wanawake tulikuwa ndani, tukimsikia kwa dirishani. Aliwashukuru wageni, akawashukuru wapishi, kisha akasema kwamba familia ina furaha mbili leo. Binti wa marehemu nduguye amegundua kiumbe ambacho dunia haijapata kukijua, tena ndani ya shamba lake, na atakipa jina la mamake, Zeina. Nilikuwa nimemnong'oneza habari hiyo juzi kwa simu, nikamwambia bado ni siri. Kwa Ami, siri ni jambo linalosubiri kipaza sauti.

Vigelegele vikapaa. Nilikumbatiwa na watu nisiowajua. Mama mmoja kutoka Lamu aliniuliza nimejuaje kama ni mpya, nikamjibu kwamba nilimtazama vizuri, akaridhika. Bibi alikuwa kando yangu. Hakupiga kigelegele. Alikuwa akiupanga upya wali kwenye sahani yake kwa ncha za vidole, na hakula.

27 Aprili

Hata muuza mahamri amenipa hongera.

2 Mei

Siku mbaya. Nilimpelekea Dkt. Dzombo rasimu ya makala. Ni mtu wa Rabai, mrefu, hana haraka, na akinyamaza unajikuta unakiri mambo ambayo hukuyatenda. Alisoma kurasa zote. Akazitazama picha za kibati kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Umekikata ukakitazama kwa ndani?"

Nikasema bado. Nikaeleza kwamba kwa nje tu tofauti iko wazi.

Akaniambia nikumbuke kizibo. Nakijua kizibo, nilisomeshwa. Baadhi ya madume, yakishamaliza haja yao, huacha ute ulio kama gundi kwenye matundu ya jike. Ute ule hukauka ukawa mgumu, ili dume jingine lisipate njia. Jike aliyezibwa hufanana na jike asiye na matundu. Namna ya kujua ni moja: kukata kibati chote, kukilowesha kwenye dawa ya kukifanya kiangaze, kukibandua kilichobandikika kama kipo, na kuangalia mirija ya ndani, ambayo haidanganyi.

"Kata, Wafa," akasema. "Ukishakata tutazungumza."

Hakusema hongera. Miaka yote hiyo ya kuchungulia buibui na hajapata hata mmoja wa kumpa jina yeye mwenyewe. Kijicho kina watu wake, na wengine wana shahada.

3 Mei

Mvua. Sijakata.

5 Mei

Mvua. Umeme umekatika Kilifi. Sijakata, na kwa leo nina sababu.

6 Mei

Umeme umerudi. Sijakata.

9 Mei

Paa la stoo ya maabara linavuja, kwa hiyo wiki iliyopita nilileta nyumbani chupa zangu nyingine nikazisukuma uvunguni mwa kitanda. Wale watatu wako Kilifi, salama, ila hizi ni chupa nyingi, na buibui huhifadhiwa ndani ya spiriti. Bibi alipokuwa akifagia akazikuta, akafungua moja, akanusa.

Hakupaza sauti, na ndiyo mbaya zaidi. Alinishtaki kwa upole: pombe, uvunguni, katika nyumba inayosaliwa. Nilimweleza kwamba si ya kunywa, ingemuua hata mlevi. Akasema haulizi nani atakunywa. Zikahamia banda la kuku. Kisha akapiga deki chumba changu chote, na goti lake lile linalouma, akakataa nimsaidie.

Basi nimeelewa. Kinachomkera ni hii spiriti. Anaona jina la mwanawe litaelea ndani ya chupa ya haramu. Angeniambia tu.

12 Mei

Nimemwambia Bibi kwamba jina huandikwa kwenye karatasi, chupani hamna jina ila namba. Akasema, "Haya."

Sijakata.

15 Mei

Hesbon ameniuliza kwa nini kila siku natoa zile chupa tatu, nazitazama, nazirudisha. Nilisema nahakikisha spiriti haijapungua. Akasema spiriti haipungui kwa kutazamwa, akaenda zake kuosha vyombo. Nilimchukia kwa muda, kisha nikamnunulia chai.

Niandike ukweli, maana hapa hapasomwi na mtu. Ninao watatu, nikikata mmoja wanabaki wawili, hakuna kinachoharibika. Naogopa kitakachoonekana. Kikiwa ni kizibo, hakuna spishi mpya, na kama hakuna spishi mpya hakuna jina. Zeina atarudi kuwa "mamako" na mtu kuinuka kwenda jikoni. Nusu ya Mambrui imepiga vigelegele. Nitawaambia nini, kwamba nilidanganywa na gundi?

20 Mei

Mto Sabaki umejaa na barabara ya Mambrui watu hawapiti. Vikombe vyangu viko peke yao. Sijakata.

24 Mei

Amal, jirani yetu, amekuja kuazima kinu. Akauliza mlangoni kwa mzaha, "Na buibui wa Zeina yuwaendeleaje?" Bibi akainuka, akaenda chumbani, akafunga mlango. Amal alibaki mlangoni na kinu mkononi.

Jioni Bibi akaniita. Shukri amemweleza jinsi kazi yangu inavyofanywa, kwani amesoma kwenye simu. Asante, Shukri. "Ni kweli mwawatazama utupu wao?" Bibi akauliza. Nikasema ni kweli, na kwamba ndiyo njia pekee, hata maprofesa hufanya hivyo. Akasema, "Haya." Sasa naliogopa neno hilo kuliko matusi.

Kumbe si spiriti, ni stara. Anafikiri kwamba kila atakayetaka kumjua Zeina, mpaka siku ya kiyama, atamlaza chali na kumulika taa. Nilipoliona hivyo nilihisi aibu masikioni. Halafu nikakasirika, kwa sababu ni buibui, si mama, na yeye ni mtu mzima anayejua tofauti. Sikulala vizuri.

29 Mei

Nimeamua kukata. Dawa ya kuangazia imekwisha maabara, na nyingine iko Mombasa ikingoja sahihi ya mtu aliye likizo. Nilikaribia kucheka kwa furaha. Nikamwandikia Dkt. Dzombo kwamba samahani, itabidi tusubiri. Akajibu kwa mstari mmoja: mafuta ya karafuu hufanya kazi ile ile.

Nimezaliwa Malindi. Mafuta ya karafuu siwezi kusema yamekosekana.

3 Juni

Mvua nyepesi. Sijakata.

7 Juni

Idi. Yaani kwa sisi ni leo, kwa wengine ilikuwa jana, kama kawaida yetu. Barabara imefunguka na Ami Mbaruk amekuja na mguu wa mbuzi. Alikaa kwa Bibi, akamsalimu, akanywa kahawa, akazungumza habari za nyasi. Nilipomsindikiza mlangoni akanishika kiwiko.

"Wafa mwanangu," akasema, "huyu buibui hawezi kuwa ni mpita njia tu?"

Nikamwuliza mpita njia vipi. Ikatoka polepole. Kuna mtu msikitini amemtia hofu kwamba pakipatikana kiumbe kisichopatikana kwingine, watu wa serikali huja na kamba zao za kupimia, na kuanzia hapo mwenye shamba hakati hata tawi la mkorosho. Naye amekwisha mwahidi Shukri kiwanja cha kujenga, kule kule kwenye ukuta wa zamani. Hakuniomba kitu. Aliniuliza tu, uso wake mkubwa ukiwa umesinyaa, kama buibui hawezi kuwa ametokea labda Gongoni. Nikamwambia sijasikia sheria kama hiyo, ila nitampa jibu kamili wiki ijayo.

Ami huyu huyu, wa kipaza sauti. Nilikuwa nikidhani yeye ndiye atakayevunjika moyo kuliko wote.

11 Juni

Nimemwomba Bibi mafuta yake ya karafuu, yale ya meno. Akaniuliza jino gani. Ningeweza kudanganya. Nikamwambia si jino, ni ya kazi. Nataka kumkata yule buibui nione kama kweli ni mpya, na mafuta yatafanya ndani kuonekane.

Akaenda kabatini, akarudi na kichupa, akanipa. Hakukiachia mara moja. "Na akiwa si mpya?"

"Basi hana jina, Bibi. Atakuwa na jina lake la zamani."

Alinitazama sana. Nilingoja "haya," haikuja. Akaachia kichupa.

12 Juni

Nimekata.

Niliingia maabara mapema. Hesbon aliona kichupa akaelewa, akatoka akaufunga mlango nyuma yake. Nilimlaza jike wa kwanza kwenye kisahani, nikakata kuzunguka kibati kwa ncha ya wembe mdogo, kipande chenyewe hakifiki nusu ya punje ya mtama.  Nikakiweka kwenye kioo, tone moja la mafuta juu yake, nikangoja. Chumba kizima kikanuka maumivu ya jino.

Polepole kibati kikaanza kuangaza, rangi yake ikawa ya chai nyepesi. Kile kifuniko cheusi hakikuangaza. Kilibaki vile vile, na hapo ndipo nilipojua, ila nilijifanya sijajua. Nikachukua sindano nikaugusa ukingo wake. Sikutumia nguvu. Kikabanduka kizima, kama ukoko wa wali.

Chini yake palikuwa na matundu mawili na tuta la katikati lililopinda. Ndani, mirija miwili inajikunja mara moja na kuishia kwenye vifuko vya mviringo. Sikuhitaji kitabu. Mchoro huo nimeuchora mwenyewe mara nyingi mno, ni spishi ya kawaida kuliko zote kwenye vikombe vyangu, nina chupa nzima yake kwenye banda la kuku. Nikamkata wa pili, kisha wa tatu, na wote wakawa vile vile. Wivu wa madume matatu umenifanya mjinga tangu Aprili.

Nilingoja kilio. Nilikuwa hata nimeshaweka leso mezani. Badala yake nikashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, na nikahisi njaa, njaa ya mtu aliyepona homa. Nikafikiria makala yale, kama yangetoka bila mimi kukata. Mtu fulani mahali fulani angekuja kumkata buibui wake, akabandua, akaandika kwa ufupi kwamba Zeina si spishi, ni kosa. Jina la mama lingebaki vitabuni, ndiyo, kwenye safu ya majina yaliyofutwa. Niliponea chupuchupu, na sikustahili.

Nikatoka getini nikala viazi karai, nikaongeza vingine. Hesbon alikuja akasimama kando yangu, akauliza kwa macho. Nikamwambia ni kizibo. Akasema, "Pole," kisha akanitazama tena akasema, "Ama hongera?" Nikamwambia sijui, ila ale na yeye.

13 Juni

Dkt. Dzombo alivitazama vioo vyote vitatu. Akasema alijua tangu picha ya kwanza. Nikamwuliza, kwa heshima iliyobaki, kwa nini basi aliniacha nizunguke wiki zote hizi. Akasema kama angenieleza, ningesema moyoni mwangu kwamba ana kijicho. Niliangalia sakafu, kwa sababu maneno hayo yamo humu humu, kurasa chache nyuma.

Kisha akasema kwamba hajapata kuona kizibo cha spishi hii kikielezwa na mtu yeyote, na kwamba nikiandike, kina sura yake katika tasnifu. Alisema kukata ni jambo la mkono wa mwenyewe, hakuna anayeweza kumkatia mwenzake. Nadhani ninampenda mzee huyu. Sitaandika tena jambo baya juu yake mpaka aniudhi.

Nimempigia Ami. Alisema "maskini" kwa huzuni ya adabu, kisha nikamsikia akimwita Shukri kwa sauti ya Idi.

Bado Bibi.

14 Juni

Jua. La kwanza la kweli tangu mvua ya mwaka iingie. Bibi alikuwa ametandika mkeka uani, amekaa, ameinyoosha ile miguu yake ipate joto. Nilikaa kando. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, ikapotea yote.

"Si mpya, Bibi," nikasema. "Ni yule yule wa kawaida. Hakutakuwa na buibui wa Zeina."

Akafunga macho. "Alhamdulillahi," akasema. Akarudia, na mara ya pili sauti ilitoka kifuani kabisa. Machozi yalimtoka akiwa amefumba macho, na mdomo wake unacheka.

 Nikamwambia naelewa, ni haya mambo ya utupu, na ile spiriti, ningemwuliza kwanza. Akanipungia mkono ninyamaze.

"Utupu wa buibui wanihusu nini mimi?" akasema. "Wafa, mamako alikuwa akiwaogopa."

Sikuelewa. Nikauliza akiogopa nani.

"Buibui. Kupita kiasi. Akimwona mmoja ukutani, nyumba nzima haikaliki. Yuwapanda kitandani, yuwapanda meza, yuwalia niitwe. Hata arusini kwake, amekwisha pambwa, maua kichwani, akamwona kijibuibui juu ya pazia, hichi, kama ncha ya kidole. Akaruka na maua yake. Somo wake aliyempamba alianguka chini kwa kucheka. Na wewe wanijia hapa na uso umekunjuka, waniambia wataka kumpa buibui jina la Zeina." Alishika tumbo. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikaanza, nikashindwa kujizuia, nikalala chali kwenye mkeka nikicheka mpaka mbavu zikauma. Kuku walikimbia.

Tulipotulia nikamwuliza kwa nini hakuniambia tangu siku ile ya nazi. Ningeacha palepale.

Alinifuta uso kwa ncha ya leso yake kabla ya kujibu. "Nilitaka kukwambia. Kila siku nilitaka. Lakini ulikuwa walitaja jina lake, mwanangu. Miaka yote hii hukulitaja hata siku moja, na mimi sikulitaja, nikiogopa n'takuliza. Nikasema nikimkatiza sasa, hatolitaja tena. Basi nikanyamaza, na kila nikilisikia namwona amepanda juu ya meza, nami siwezi kucheka wala siwezi kulia, nainuka nenda zangu."

 Niliushika mkono wake, una harufu ya karafuu mpaka leo.

"Zeina," nikasema, nijaribu tu. Bibi hakuinuka.

Nikamwuliza alikuwa akiogopa nini kingine. Akavuta mto, akauweka nyuma ya mgongo, akakaa vizuri.